Wimbo wa Maman wa Kabine

Kabla hatujaanza kulipia kila kitu kwa simu tukiwa nyumbani, watu wa mtaa wa Muhumba tulitoa na kutuma pesa kwa maman wa kabine, yule mama wa kibanda cha pesa za simu, chini ya parasoli yake, mwavuli mkubwa wenye kiraka. Alikuwa na mikono mipana iliyonukia sabuni. Ukifika kwenye namba ya siri, aligeuza uso kuelekea ziwani, akabaki hivyo mpaka umwite. Hata mume wake alipokuja kutoa pesa, alimgeuzia uso vilevile.

Siku moja bibi mmoja wa Kalehe, asiyezoea simu, alianza kuzitaja namba zake za siri kwa sauti huku akizibonyeza. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukatega sikio. Maman hakumgombeza. Alianza kuimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti yake nzito ya korali, kwaya ya kanisani, nasi kwa mazoea ya misa tukaitikia, hadi namba zikapotea ndani ya wimbo. Kisha akamwinamia: "Koko, bibi yangu, ile namba iko ya moyo wako. Hata miye usiniambie. Tuibadilishe sasa."

Baadaye alihamia Kavumu, parasoli ikaenda naye. Juzi mtu mwenye sauti tamu alinipigia, eti ni wa kampuni ya simu, nimpe namba yangu ya siri, la sivyo konti yangu ya pesa itafungwa. Sikubishana naye. Nilimwimbia ubeti mzima wa Maria, polepole, mpaka akakata mwenyewe.