Jirani Yako Kaamkaje?

Mamangu mzazi hajawahi kuugua kwa kinywa chake. Ametulea Likoni, ndani kidogo, kwenye minazi na mihogo, na sijapata kumsikia akisema "naumwa". Akishikwa na homa husema jua la leo kali. Akiumwa na jino husema hana hamu ya chakula. Basi alipoanza kutapika kila akila kitu cha nazi, alitwambia tumbo "linanguruma tu", na likanguruma hivyo mpaka siku nilipomkuta ameegemea ukuta wa jikoni, uso umemgeuka rangi, nikamwambia leo huna hiari, bibi wee, twende. Vikaonekana vijiwe kwenye nyongo. Akalazwa apasuliwe katika hospitali moja upande wa Kisauni, kwenye wodi ya wanawake ambamo mimi mwenyewe ni muuguzi. Nilijua tangu siku ile kwamba cha kumuua mamangu hakikuwa kisu cha daktari. Ilikuwa adabu yake.

Sisemi hivyo kwa utani. Adabu ilikuwa imeshatuulia mtu wodini humo.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Bamburi, mcheshi, kila nesi akimpenda. Kidonda chake cha upasuaji kilikuwa kikioza ndani kwa ndani, na kila asubuhi tukipita na daktari, "Hujambo mama?" "Sijambo wanangu, alhamdulillahi." Tukaandika anaendelea vyema. Siku aliposhindwa kuitikia salamu ndiyo siku tuliyojua, na tulikuwa tumechelewa.

Mkuu wetu wa wodi ni mwanamke wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alituita kikaoni baada ya msiba ule, na kila mmoja wetu alikuja na mtu wake wa kumsukumia lawama. Mimi wangu nilikuwa naye tayari, na hoja zake nimezipanga. Mkuu hakumtafuta mkosaji. Aliuliza jambo moja tu: "Asubuhi ile, tulimuuliza nini?"

Tukatazamana. Mmoja akasema, "Tulimuuliza hali."

"Kwa maneno gani?"

"Hujambo."

"Basi hatukumuuliza kitu," akasema. "Tulimsalimu."

Wallahi nilipandwa na hasira. Mimi mtu wa Pwani, Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa, halafu aje mtu anayesema "kiti yangu" anifundishe salamu! Nikamwambia waziwazi, mbele ya wenzangu: "Salamu ni zetu, sista. Ukiziondoa hapa wagonjwa watasema tumekosa malezi." Hakukasirika. Alisema, "Sitaki kuziondoa. Nataka zimalizike kwanza, halafu ndiyo tuulize." Nikakaa, nimenuna.

Angeweza kubandika tangazo ukutani na kwenda zake, kama wakubwa wengi wafanyavyo. Yeye alitaka kujua kwa hakika. Akaomba ruhusa ofisini, kisha akaomba ruhusa kwa wagonjwa wenyewe, kitanda baada ya kitanda. Kila siku baada ya raundi ya daktari, mmoja wetu alikaa na mgonjwa bila haraka, akapiga naye soga, tukalinganisha aliyotwambia asubuhi na aliyoyasema sasa. Lo! Tulidhani wodi yetu imejaa wanaoendelea vizuri. Kumbe huyu hajaenda choo tangu apasuliwe, yule mguu umemvimba na kaufunika leso, mwingine anatokwa na damu na anajifulia mwenyewe bafuni asionekane mchafu. Na jambo lililotuduwaza zaidi: mambo hayo yote, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anayajua. Jirani alikuwa ameambiwa. Sisi wenye sare tuliambiwa alhamdulillahi.

Mkuu alitaka kujua kwa nini, na hapo mimi ndimi niliyemweleza, nikiwa bado nimenuna kidogo. Kwetu salamu ni haki ya mwenye kusalimu. Ukiulizwa hujambo ukamwaga matatizo yako, umemnyima mwenzako haki yake. Tena mwenye kushukuru ndiye huzidishiwa, na mtu mzima anayelialia mbele ya vijana amejivunjia heshima. Ni kweli tuna methali ya mficha maradhi kilio humfichua, lakini methali ile kila mtu humsomea mwenzake, hajisomei mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta." Tangu siku hiyo akanitia kwenye kazi ile, na kununa kukanitoka.

Tukaanza kutafuta swali. Msidhani ni jambo jepesi. Tulijaribu "unaumwa wapi", tukajibiwa "kidogo tu". Tukajaribu lile la vitabuni, maumivu yako toka sifuri hadi kumi ni ngapi, na bibi mmoja wa Magogoni akasema, "Kumi ni makubwa hayo, mwanangu, muachie Mungu. Mimi nipe mbili." Bibi huyo alikuwa na nyonga iliyovunjika. Tukaleta picha za nyuso, kutoka anayecheka hadi anayelia, wote wakachagua anayecheka, kwa kuwa yule wa machozi, walisema, ana uso wa nuksi. Tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Mkuu naye alicheka, kisha akasema, "Haya, hili nalo limekufa, tulizike, tutafute jingine." Hilo ndilo nililolipenda kwake kupita yote. Nimefanya kazi na wakubwa ambao wakikosea, ukweli ndio unaobadilishwa. Yeye alikuwa anabadilisha swali.

Swali lililotufaa alilipata kwa kutazama. Aliona jinsi mgonjwa anavyomwelekeza dada yake wakati wa kuvishwa nguo naye: hapa taratibu, huku usiguse. Hakuna malalamiko pale, ni maelekezo tu. Basi tukaanza kufanya hivi. Unaingia wodini, unasalimu kikamilifu, shikamoo kwa wakubwa, habari za usiku, habari za jamaa, mpaka salamu ziishe zenyewe. Kisha unavuta kiti. Unakaa, unamshika mgonjwa mkono, unamwambia, "Mama, nionyeshe pale usipotaka nikuguse." Wakaonyesha! Wanawake waliokuwa wakitwambia sijambo walinyoosha kidole bila hata kufungua mdomo. Na swali la pili lilikuwa la jirani: kila mgonjwa alipolazwa aliulizwa kama anaridhia tumuulize wa kitanda cha pili habari zake, na akiridhia, tuliuliza. Daktari wa upasuaji mwanzo alituona tunapoteza wakati. Alipoona vidonda vinagunduliwa mapema, akaja akauliza kiti chake kiko wapi.

Hayo ndiyo mamangu aliyoyakuta. Akafanyiwa upasuaji, ukaenda salama, akarudishwa wodini jioni akiwa na usingizi. Mkuu alinihamishia upande mwingine wa wodi, akasema mtu hamuuguzi mamake, na nilijua ana haki. Lakini asubuhi yake nilipofika kazini, miguu ilinipeleka kwake kabla ya kwingineko.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo kabisa, namshukuru Mola. Hebu nenda kazini, usisimame hapa watu wakakuona."

Nilimtazama. Alikuwa amejifunga leso yake vizuri, nywele amezisitiri, anatabasamu. Nami, muuguzi niliyewahoji wanawake wodi nzima juu ya jambo hilihili, nilitaka mno kumwamini. Nikaenda zangu.

Mkuu akafika kitandani kwake. Nilikuwa upande wa pili nikibadilisha dripu, masikio yote kule. Akamsalimu, salamu ndefu ya Pwani, kiti kikavutwa. "Mama, nionyeshe pale usipotaka nikuguse."

Mamangu akacheka. "Niguse popote upendapo, mwanangu. Mimi si yai."

Nikafumba macho. Miezi yote ile ya kutafuta swali, na bibi wa Likoni amelipiga chenga mara moja! Mkuu alikuwa bado amemshika kifundo cha mkono, na mapigo, aliniambia baadaye, yalikuwa yanakwenda mbio kidogo, ingawa presha ilikuwa haijashuka. Mwingine angesema ni mchoko wa upasuaji, akanyanyuka. Yeye hakunyanyuka. Aligeuza kichwa tu.

"Na wewe dada, jirani yako kaamkaje?"

Kitanda cha pili alilala msichana wa bara, mfanyakazi wa kiwandani Changamwe, ambaye mamangu alikuwa ameridhia aulizwe kwa sababu moja tu: alidhani mtoto wa watu, mgeni, hatathubutu kusema. Msichana akamtazama mamangu, akamtazama mkuu.

"Sista, huyu mathe hajalala. Ameshikilia hii bega yake mpaka asubuhi, na ameniambia nisiseme."

"Astaghfirullah!" mamangu akasema. "Umbeya gani huo?"

"Si umbeya, mathe. Hata wewe ungesema kama ni mimi."

Bega. Aliyepasuliwa tumbo anaumwa na bega. Mtu wa nje angesema kalalia vibaya, lakini sisi tunajua: damu ikikusanyika juu ya ini, chini ya mbavu, bega ndilo hulia. Nilimwona mkuu akisimama, safari hii kwa haraka, na dripu niliyokuwa nimeishika sikumbuki nilimpa nani. Daktari akaja, akambinya tumbo, na hapo presha ikaanza kushuka mbele ya macho yetu. Damu ikaombwa, kitanda kikasukumwa. Mamangu alikuwa bado anasema "mnajisumbua" alipopita kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Niliogopa, na sioni haya kusema. Miaka yote nimewaambia jamaa za wagonjwa "kuwa na subira", na siku ile nilijua neno lile halina uzito hata wa unyoya ukiambiwa wewe. Mkuu alikuja akakaa nami kidogo. Hakuniambia subira, wala hakuniambia atapona. Nilimuuliza, "Atapona?" Akasema, "Sijui. Lakini tumewahi." Kisha akarudi wodini, maana kulikuwa na vitanda ambavyo alikuwa hajavikalia. Nilimtazama mgongo wake ukienda, mwanamke yule niliyemcheka kwa "kiti yangu", nikamwombea dua kabla hata ya kumwombea mamangu.

Walikuta mshipa mmoja mdogo umefunguka. Wakaufunga. Daktari alipotoka alituambia kwamba lau tungengoja mpaka mchana, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Mama alikaa siku kadhaa akiwa dhaifu, hana hata nguvu za kukanusha. Aliporudiwa na rangi yake, la kwanza alilofanya ni kumgawia yule msichana nusu ya uji wake kila asubuhi na kumsimanga hapohapo: "Kunywa, mpasua siri wee." Msichana anakunywa, anacheka. Na mkuu alipopita na swali lake, mama alimwonyesha kwa kidole, hapa na hapa.

Mimi nilikuwa na changu moyoni, nikashindwa kukimeza. Nikaenda siku moja mchana, wodi imetulia, nikasimama juu ya kitanda chake, na hasira zangu zote za siku zile zikanitoka kwa mkupuo. "Mama, mimi ni mwanao! Tena mimi ni nesi! Nilisimama hapahapa, nikakuuliza kwa kinywa changu. Huyu mtoto wa watu umemwambia, mimi hukuniambia. Kwa nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Niliona una wagonjwa," akasema.

 Nikavua beji yangu ya kazi, nikaitia mfukoni, nikavuta kiti cha wageni nikakaa. Nikalia palepale mbele ya wodi nzima, na mamangu hakuniambia ninyamaze.