Asubuhi Soko la Nchelenge Lilipokosa Samaki

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau. Ziwa lilitulia, na hakuna mtumbwi hata mmoja uliorudi na samaki. Ngoja nikueleze sababu.

Mzee Saidi alikuwa akinunua samaki wetu alfajiri na kuwauza mezani kwake katika soko la samaki. Alikuwa Mwislamu, nao walikuwa wachache sana ufukoni kwetu. Enzi hizo za Wazungu, soko lilifungwa Jumapili na Noeli tu. Siku nyingine, asiyefika bila ruhusa ya Boma, yaani ofisi ya serikali, meza yake alipewa mwingine. Ramadhani ilipokaribia kwisha, Mzee Saidi akaenda kuomba ruhusa ya siku ya Idi. Akarudi polepole, kofia mkononi.

"Wanataka tarehe," akatuambia. "Nimesema tuone mwezi kwanza. Muzungu amecheka. Eti serikali haingojei mwezi."

Mimi nikaona jambo jepesi, nikamwita kwa heshima kama baba. "Tata, si uwatajie siku yoyote tu?"

"Wewe Noeli yako uliichagua?" akaniuliza, wala hakukasirika.

Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa anashona wavu pale pale. Akasema bila kuinua macho, "Saidi, mwezi mupya unatokea upande wa Kongo, juu ya maji. Nani atauona mbele yetu sisi wavuvi?"

Jioni ya pili tukauona, mwembamba kama ukucha. Baba akamwita Mzee Saidi ajionee mwenyewe, kisha akapita kwa wenzake: leo mutu asitege wavu. Mama akaguna, "Kumbe sasa ni zamu yetu kufunga!"

Asubuhi karani wa soko akakuta meza zote tupu.

"Samaki iko wapi?"

"Imelala, bwana," mvuvi mmoja akamjibu.

Akafunga soko, maana hapakuwa na cha kuuza. Hakuna aliyenyang'anywa meza. Mchana tulikuwa kwa Mzee Saidi tukila wali, na mama aliongeza sahani ya pili.

Serikali haikuitambua Idi mwaka ule, ilitambua tu kwamba hakuna samaki. Lakini mwaka uliofuata karani yuleyule alishuka ufukoni jioni, akasimama karibu na baba, akauliza taratibu, "Mwezi je?"

Basi mwanangu, jirani akitaja siku yake ya kusali, usimwambie aisogeze ikufae wewe. Wala usikae kungoja iandikwe ofisini, kama mkono wako unaweza kuuacha wavu siku moja. Mungu akupe ziwa lenye samaki, na majirani wa kukuangalizia mwezi wako.