Bunduki Ndogo kwa Ng'ombe Mwitu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara, kopo la mafuta na bunduki kumi na mbili za kusafisha. Ilikuwa katika ghala la silaha hapa Dodoma mjini, miaka ya sabini, nami nilikuwa kijana wa Kigogo mwenye cheti cha darasa la saba na miguu iliyozoea kutembea nyuma ya ng'ombe wa baba. Mtunza ghala alikuwa mzee wa Kingoni aliyewahi kupigana Burma. Mwezi mzima wa kwanza hakutabasamu. Nilidhani ananichukia, kumbe meno ya mbele hakuwa nayo.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kusoma namba za bunduki. Namba, alisema, ni upana wa tundu la mtutu, ukichukua inchi moja ukaigawa mafungu elfu. Kwa hiyo 375 ni pana kuliko 303, na 458 inazipita zote mbili. Tundu likiwa pana, risasi ni nzito, na risasi nzito huvunja mfupa na kuendelea na safari. Lakini hakuna cha bure. Bunduki nzito ina teke, yaani inakurudishia nguvu begani, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakikosa shina la mti kwa 458.

Kisha kuna risasi zenyewe. Ile tuliyoiita laini ina ncha iliyo wazi; ikigusa nyama inachanua na kufanya jeraha pana. Ile ngumu imevikwa koti la chuma mwili mzima. Haichanui, inapenya mpaka ndani kabisa, na pengine inatokea upande wa pili ikamkuta asiyehusika. Kwa nyati tulitanguliza laini moja, ngumu zikafuata. Ukienda kinyume na hapo mbele ya kundi, unaua mmoja na kujeruhi wawili, na nyati aliyejeruhiwa ni deni la mtu mwingine atakayepita njia ile kesho.

"Usichague bunduki kwa jina la mnyama," mzee aliniambia siku hiyo ya kwanza, akiangalia ndani ya mtutu niliodhani nimeusafisha. "Chagua kwa dakika yake mbaya."

"Dakika gani hiyo, mzee?"

"Ile ambayo amekuona na wewe umekosa. Haya, rudia huu mtutu, una uchafu."

Baada ya miaka miwili ya tambara nilipelekwa Manyoni kuwa askari wanyamapori. Huko nilikaa miaka mingi chini ya Bwana Nyama mmoja mkali, mkuu wetu wa wanyamapori, ambaye hakuruhusu mtu kwenda kwenye nyati na kitu kilicho chini ya 375. Kanuni zetu ndivyo zilivyotaka. Nilijifunza kupiga nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati, na kusubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu. Mnyama akianguka, unahesabu moyoni hadi utosheke, kisha unahesabu tena, ndipo unamsogelea kutoka nyuma.

Nilihamishiwa Mpwapwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashirika ya umma yakaanza kufa moja baada ya jingine. Porini huko kulikuwa na ranchi ya shirika moja lililokwisha kufilisika. Josho lilikauka, wachungaji wakaondoka kutafuta mishahara mahali pengine, na seng'enge za uzio zikaonekana kwenye maboma ya vijiji vya jirani. Ng'ombe waliobaki, machotara wakubwa wa mbegu ya kigeni, waliingia vichakani. Miaka ikapita. Ndama waliozaliwa humo wakawa madume ambayo hayajawahi kuona kamba wala kusikia mluzi.

Watu wa mjini hucheka ukiwaambia ng'ombe anaweza kuwa mnyama wa hatari. Mimi Mgogo, ng'ombe nimelelewa naye, na nawaambia kwamba nyati anaweza kukukimbia, lakini hawa hawakuwa na hofu ya mtu. Msimu wa uwele kuiva, dume moja lilimkuta mama mmoja akiwinga ndege shambani kwake, likamuua. Juma lililofuata agizo lilitoka wilayani kwamba ng'ombe wote wale wamalizwe. Nadhani yule mama alichangia nusu ya uamuzi. Nusu nyingine ilikuwa mnunuzi aliyeitaka ranchi ikiwa tupu.

Bosi wangu wakati huo alikuwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, msomi wa chuo, mtu wa haki na mwenye adabu hata kwa wafagiaji. Alituita ofisini, sisi askari sita.

"Nyama itakwenda shuleni na hospitalini," alisema. "Humo wamo Waislamu na Wakristo, wala sitaki mtoto wa mtu alale njaa kwa sababu ya uzembe wetu. Kila ng'ombe achinjwe. Kwa hiyo aanguke akiwa hai. Nimeshaongea na machinjioni, watatupa mchinjaji wao, Mzee Idi."

"Afande," nikasema, "naomba 375 iliyoko ghalani."

"Ya nini?"

"Kwa yale madume, afande."

"Malogo, ng'ombe huyu anachungwa na watoto. Kila asubuhi anachinjwa kwa kisu. Wewe unataka bunduki ya nyati?"

Wenzangu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nayo ndiyo aibu yenyewe. Afande akaendelea kwa upole kwamba risasi za 375 ni chache na za 303 zimejaa makasha. "Mvunje bega aanguke, Mzee Idi amalizie," alisema. Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nilijua kwamba 303 haivunji bega la dume la aina ile kwa uhakika, na kwamba ng'ombe aliyeanguka kwa maumivu bado anaweza kusimama. Nilijua pia nani atakuwa amemwinamia atakaposimama. Nikapiga saluti, nikasema, "Sawa, afande."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu haukujikwaa. Ulilala usingizi.

Mzee Idi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mchinjaji wa mji kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye ndevu chache nyeupe na kisu alichokinoa mwenyewe bila kumwachia mtu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe ukiniambia nenda, naenda. Ukisema subiri, nasubiri. Macho yangu ya mbali yamechoka." Ndivyo alivyojikabidhi kwangu, kwa maneno mepesi kabisa.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, na hiyo ndiyo bahati mbaya. Tulipata majike manne. Kila mmoja alianguka kwa risasi moja au mbili za 303, Mzee Idi akaenda, akamwelekeza kibla, akasoma, akachinja. Afande alinipongeza mbele ya watu. Nami nikaanza kujiambia labda mtunza ghala wangu wa zamani alikuwa na hofu za kizee.

Siku ya nne, asubuhi, tulilikuta dume korongoni, pale maji ya masika yanapopita na kuacha mchanga. Lilikuwa jekundu, nundu imelala upande mmoja, shingo nene kuliko kiuno changu. Lilisimama likatutazama. Nilipiga bega kwa umbali wa hatua arobaini hivi. Likaanguka kwa magoti, kisha kwa ubavu, likatulia.

Nilihesabu. Nilihesabu mara moja tu. Kama tungengoja zaidi, lingekufa kabla ya kuchinjwa, na agizo lilikuwa ni kuchinja. Nikamwambia Mzee Idi, "Nenda."

Alishuka korongoni kwa hadhari, kisu amekificha nyuma ya kanzu yake fupi ya kazi. Alipoinama kulishika pembe, lilisimama. Lilisimama kwa miguu mitatu, na mitatu ilitosha. Lilimbana kwenye ukuta wa korongo. Nilipiga ya pili, nikapiga ya tatu, nikaona vumbi likiruka kwenye ngozi, na dume halikugeuza hata sikio. Niliruka chini nikalipiga nyuma ya sikio, mtutu ukikaribia kugusa manyoya. Ndipo likalala, na mguu wa Mzee Idi ukiwa chini yake.

Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Tulimpeleka hospitali juu ya machela ya miti na magunia, halafu kwa gari la afande. Njia nzima hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu kama kisu chake kimeokotwa.

Nilikwenda kumwona baada ya wiki. Afande alikuwa ametoka kumwangalia, macho mekundu, na nilijua ameumia kweli. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Dume lile mlilifanya nini?" Mzee Idi aliuliza.

"Tulilizika, mzee. Lilikufa bila kuchinjwa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nyama imepotea bure. Ng'ombe akishakuwa mwitu, asiyeshikika, sheria yetu inamhesabu kama windo. Mpigaji anataja jina la Mwenyezi Mungu, anafyatua, basi. Kama mlitaka Mwislamu afyatue, mnao askari Waislamu pale. Hakukuwa na haja ya kuanguka akiwa hai."

"Hatukujua, mzee."

"Hamkuuliza. Mlikaa ofisini mkanionea huruma ya dini yangu, mimi mwenyewe niko hatua mia kutoka hapo, machinjioni."

Halafu nikamwambia lile lililonileta, kwamba mimi nilijua bunduki ni ndogo tangu siku ya kikao, na sikusema kwa sababu bosi alikwisha kusema na wenzangu walikwisha kucheka.

"Kumwambia bosi wako ni vigumu, naelewa," alisema. "Lakini mimi si bosi wako, mwanangu. Mimi ungeninong'oneza tu."



Afande alinipa 375 siku ya pili yake, bila neno, pamoja na risasi zote za ghala. Alinipa pia askari mmoja Mwislamu wa kupiga nami kwa zamu. Kazi iliyobaki tuliimaliza bila mtu kukwaruzwa: laini ya kwanza nyuma ya bega kwa jina la Mwenyezi Mungu, ngumu ikifuata kama bado anasimama, na hakuna aliyesogea kabla hatujatosheka. Nyama ilikwenda shuleni, nasikia watoto waliila kwa furaha. Mzee Idi hakuchinja tena. Alirudi Kondoa, akawa anasali ameketi kitini, maana kurukuu na kusujudu nyonga ilikataa. Nilimtembelea mara tatu kabla hajafariki. Hakunisema tena hata mara moja, na upole huo ulinichoma kuliko lawama.

Sasa nimestaafu, nalima zabibu Hombolo. Vijana wa kazi hii hupita kunisalimu, na wote huniuliza bunduki gani inafaa kwa ng'ombe waliokwenda mwitu. Nawajibu kwamba 375 inatosha kwa mtu wa kawaida; 458 ni kwa anayeliweza teke lake na ana kichaka kizito mbele yake; 303 waiache ghalani. Wanaandika kwenye daftari, wanashukuru, wanaaga. Jibu hilo huchukua dakika moja, na nililijua kabla ya Mzee Idi kushuka korongoni.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mkubwa wa mkoa alinikabidhi cheti na kukisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote na familia yangu. Kiliandikwa kwamba Malogo ametumikia umma kwa uaminifu, bila dosari. Watu wakapiga makofi. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Asante, afande," nikarudi kuketi.