Vyungu vya Zuleha na Maganda ya Karanga

Zuleha wa Kondoa alijua kufinyanga kabla hajajua kuandika jina lake, na jina lake analiandika vizuri; darasa la saba la enzi zile si mchezo. Kwa hiyo Editha, mwenye mgahawa kule Miyuji, Dodoma, alipoagiza vyungu sita vya mchuzi, hakutetemeka. Sharti ndilo lililomkaa kooni: nailoni ya kufungia isitumike hata kipande, na kikifika hata kimoja na ufa, ataagiza kwingine.

"Funga na nguo kuukuu, shoga," alisema jirani yake Munira.

"Nguo zangu kuukuu ndizo hizi nilizovaa!"

"Basi karanga, debe zima."

"Karanga? Wapakiaji wa stendi watatafuna zote, vyungu vifike vikilia kama manyanga!"

Walicheka mpaka Munira akashika ukuta. Hapo Zuleha akamkumbuka marehemu mama yake, aliyesafirisha vyungu vya harusi kwa punda kutoka Kolo, mwaka ule mvua ilipozoa daraja. Alivishindilia maganda matupu ya karanga. Hakikuvunjika hata kimoja. Aliyechechemea ni punda.

Maganda yalikuwa tele uani. Wakajaza ndani ya vyungu, wakajaza boksi, wakashindilia, wakakaza kamba ya katani. Kisha Zuleha akalisukuma boksi kwa mguu, likabingirika mteremko mzima mpaka kwa mbuzi wa jirani yao Bashiri.

"Wee Zuleha! Una wazimu?" Munira akapiga kelele.

Zuleha akalifuata, akalitikisa, akatega sikio. Kimya. "Bismillahi, liende."

Basi la Dodoma liliondoka nalo asubuhi. Editha aliahidi kupiga simu mzigo ukifika. Alasiri ikaingia, hola. Zuleha akaitafuta simu yake chini ya mto, kwenye kapu, jikoni, haipo. Munira akaipiga kwa simu yake.

"Haloo?" ikajibu sauti ya kike.

Zuleha akampokonya Munira. "Mwizi wewe! Rudisha simu ya watu!"

"Shikamoo, bibi. Ni mimi, Editha."

"Mara... marahaba. Umeipataje?"

"Imelia ndani ya chungu! Wateja wamekimbia, wamedhani jini!"

Munira alishaanguka mkekani, miguu juu. Zuleha akajikaza. "Na vyungu?"

"Vizima vyote. Nataka vingine kumi na viwili."

"Na kioo cha simu?"

"Hakina hata mkwaruzo."

Zuleha akajitanda kanga upya kama bibi harusi. "Basi maganda usiyatupe, mwanangu. Simu yangu irudi humo humo."