Rangi za Chuma Motoni

12 Mei 1997. Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Shemeji yangu mhandisi alileta karakanani picha ya mkono wa kreni, kaitoa kwenye kompyuta, rangi zikionyesha chuma kinapolemewa. Nikatia chaki penye manjano, nichomelee bamba hapo.

“Siyo hapo, shemeji! Pabaya ni penye nyekundu. Utawaangushia makuli mzigo!”

“Kwetu wahunzi, chuma cha manjano kina moto kushinda chekundu.”

Akaikunja picha yake, akaondoka. Nikaona haya, mtu wa darasa la saba. Ila kwa haki, mimi sikuuliza, naye hakueleza. Alasiri akarudi na picha nyingine: nyeusi, nyekundu, manjano, mpaka nyeupe palipolemewa zaidi. Nikatia chaki penye nyeupe, naye akaitikia kwa kichwa.

“Sasa zote nitazitoa hivi,” akasema.

Jioni tulikula naye wali wa nazi na samaki wa kupaka.