Mashimo ya Kaka

Kwenye mtaa ule wa mteremkoni, nyumba zote ni za zamani, na zote zimejengwa kwa namna moja: mlango wa mbele uko sawa na barabara, mlango wa jikoni unafungukia hewani. Ukitoka kwa nyuma bila kuangalia unaweza kujikuta kwa jirani wa bondeni, tena bila hodi. Ndiyo maana kila nyumba ina baraza la mbao upande wa nyuma, limesimama juu ya nguzo. Nguzo za upande wa juu ni fupi, zinamfikia mtu magotini; za upande wa chini ni ndefu kuliko mtu mzima. Na kila kiwanja kina uzio unaoshuka kidaraja kidaraja kufuata mteremko.

Kazi hiyo ya mabaraza na nyuzio ilikuwa mikononi mwa fundi mmoja mzee na watoto wake wawili, wa kiume na wa kike. Binti walimwita Pimamaji. Alikuwa akiingia chumbani tu anakwambia meza yako imelalia kushoto, na ukiweka kikombe unaona chai nayo imelalia kushoto. Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, alikuwa mwepesi wa mkono na mtamu wa mdomo. Wateja walimpenda. Anayeweza kukuchekesha huku anakupimia mbao, nani hampendi?

Mzee aliwafundisha wote wawili jambo moja kabla ya kuwapa msumeno. "Watu watasifu mbao," alisema, "lakini anayebeba mzigo ni shimo." Udongo wa mteremkoni hautulii, kila mvua zikija unasogea kidogo. Kwa hiyo shimo la nguzo ya chini lazima limfike mchimbaji kiunoni, na ukikutana na jiwe unalivunja. Huligeuzi kuwa sababu.

Mwaka ule, mzee akiwa kwenye kazi nyingine, watoto walijenga baraza la mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyeishi peke yake. Pimamaji alichimba mashimo mawili ya juu, kaka yake akachimba matatu ya chini. Kazi ilipendeza. Miezi minane baadaye, baada ya mvua za wiki nzima, Mwalimu alitoka asubuhi kumwagilia maua yake ya kwenye makopo, na baraza likaondoka naye. Akavunjika nyonga.

Jioni ile mzee aliwasimamisha watoto wake karakanani.

"Mashimo ya chini kachimba nani?"

Kaka hakupepesa jicho. "Dada. Kachimba yote. Mimi nilikuwa juu kwenye boriti."

"Kaka!" Pimamaji akamgeukia. "Mimi nilichimba ya juu tu. Baba, haki ya Mungu, ya juu tu."

"Sikutaka kumsema, Baba," kaka akaongeza kwa upole, kama mtu anayeomba msamaha kwa niaba ya mwingine. "Lakini mikono ya mwanamke ina mwisho wake."

Mzee alinyoosha mkono, akaitoa nyundo mkononi mwa binti yake, akaitundika ukutani. Kisha akamwonyesha mlango kwa macho.

Kesho yake alfajiri kaka alikwenda kwa Mwalimu kusafisha, "ili mgonjwa asirudi akayaona yale." Akakata visiki vya nguzo usawa wa ardhi, akafukia, akapanda nyasi. Mwalimu aliporudi kutoka hospitali anatembelea fimbo, alikuta bustani. Mwenyewe akaamini alichoambiwa, kwamba mashimo yote yalikuwa ya yule binti.

Mzee aliishi miaka mitatu zaidi. Pimamaji alipokwenda kumwona, baba yake alimuuliza habari za afya, za mvua, za majirani. Habari za mbao hakuwahi kumuuliza tena. Akafa hivyo hivyo.

Kuna hasira ya mabua, inawaka na kuzimika kabla sufuria haijapata moto. Ya Pimamaji ilikuwa ya pumba: juu huoni kitu, ukikanyaga ndiyo unajua. Kwa miaka kumi na moja alitengeneza viti vilivyovunjika, vitanda vinavyolia, milango isiyofunga. Kila alipopita barabara ya bondeni aliinua macho akatazama mabaraza mapya ya kaka yake. Aliziangalia nguzo zake kama mtu anavyoangalia shingo ya kuku.

Halafu siku moja Mwalimu akamwita.

"Udongo wangu unakimbia," alisema, ameegemea fimbo yake mlangoni. "Nataka uzio wa chini wa kuuzuia. Kaka yako nimemtumia salamu mara tatu, hakanyagi hapa. Sasa nimekukumbuka wewe. Uliniangusha mara moja. Nadhani mara ya pili utaogopa."

Pimamaji alimeza yale maneno, akashika mtaimbo.

Siku ya pili ya kuchimba, mtaimbo uligonga mbao. Akafukua kwa mikono. Kilikuwa kisiki cha nguzo, na urefu wake chini ya ardhi haukuzidi mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mwisho wake ulikuwa umefupishwa kwa msumeno, safi kabisa, na chini yake kulikuwa na jiwe ambalo hakuna mtu aliyelivunja. Akatafuta cha pili, akakipata. Cha tatu vilevile. Kisha akapanda juu karibu na ukuta wa jikoni, akachimba palipokuwa na nguzo zake mbili. Alichimba mpaka bega likaingia shimoni, na mbao ilikuwa bado inateremka.

Alimwita Mwalimu. Mama yule akashuka polepole, akatazama chini, akatazama juu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe ulikuwa huku juu," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nakupitishia chai dirishani. Yeye alikuwa kule chini anapiga mluzi." Akagusa kisiki kwa ncha ya fimbo. "Miaka yote hii sikukumbuka ile chai."

"Hata mimi hukunikumbuka, Mwalimu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe nimekusamehe."

"Basi vichukue hivi visiki umpelekee mama yako."

"Bado," Pimamaji akasema. "Kwanza nataka kujua viko vingapi."

Kaka yake alikuwa amejenga mabaraza kumi na tisa mtaani pale. Pimamaji alinunua chaki nyekundu, akaanza kubisha hodi mlango hadi mlango. Alichagua Jumamosi asubuhi, wakati watu wanafua, wanafagia, wako nje wote. Aliomba ruhusa, akachimba ubavuni mwa nguzo moja ya chini mpaka akafika mwisho wake, akapima. Ikiwa imefika, alirudishia udongo, akaaga. Ikiwa fupi, aliandika kipimo kwenye nguzo kwa tarakimu kubwa zinazosomeka mpaka barabarani, na chini yake neno moja: KAKA.

Nyumba ya tano ilikuwa ya fundi cherehani mmoja mnene, mpenda wageni. Alipoonyeshwa nguzo yake alishika kichwa.

"Yaani kipande hiki ndicho kimenibeba? Mwezi uliopita tulikuwa watu ishirini hapo juu, tunacheza!"

"Mlicheza vizuri?"

"Tuliruka, Pimamaji! Tuliruka!"

Walicheka wote wawili, ila mke wa fundi cherehani hakucheka. Alikwenda kumwita mtoto wake aliyekuwa amelala juu barazani.

Nyumba saba zilikuwa na nguzo fupi. Pimamaji hakuficha kwamba anafurahia. Usiku alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu ile jioni ya karakanani. Mtaa mzima ukawa unamwita kaka yake Fundi Kiwiko, kwa sababu ya urefu wa nguzo zake, na hata watoto walipomwona anapita walikunja mikono wakajigusa viwiko.

Kaka akaja. Alimkuta dada yake anapiga randa mlango wa kabati.

"Umenimaliza," alisema kabla ya salamu.

"Sijaanza hata."

"Mimi ni damu yako!"

"Hata ile siku nilikuwa damu yako."

Akajaribu ukali, ukagoma. Akajaribu utani wake wa zamani, nao ukafia hewani. Mwishowe akakaa juu ya rundo la mbao, mikono imening'inia. "Unataka nini?"

"Nataka useme. Kwa mdomo ule ule. Mbele ya Mama na mbele ya Mwalimu."

Alisema. Sebuleni kwa mama yao, amesimama, Mwalimu kwenye kiti na fimbo magotini, visiki vitatu vimelazwa juu ya gazeti sakafuni. Alisema jiwe lilimshinda, jua lilikuwa kali, akaona nusu mita haina maana. Alisema alimsingizia mdogo wake kwa kuwa alijua Baba angeamini. Mama yao alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Baba yenu alimuuliza huyu habari za mvua miaka mitatu," akasema. "Za mvua! Na wewe umekaa pembeni unakunywa uji." Halafu akamgeukia binti yake. "Mwanangu, amesema. Basi yaishe."

"Yataisha kwenye nyumba ya saba, Mama. Atachimba upya. Na mimi nitasimamia."

Na kweli alisimamia. Kwa miezi minne kaka alichimba na dada akakaa juu ya kipande cha boriti, futi mkononi. Walitegemeza baraza kwa magogo, wakatoa nguzo fupi, kaka akashuka shimoni. Alikuwa amezoea kuongea na wateja, siyo kushika mtaimbo. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Wifi alikuja kumwombea. "Wifi, mwonee huruma, kijiko chenyewe hashiki." Pimamaji alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kesho yake akaenda kazini saa ile ile.

Kwenye nyumba ya fundi cherehani walikutana na jiwe. Kaka alinyoosha mgongo, akatazama kule ulikolala msumeno. Ilikuwa mara moja tu.

"Mtaimbo uko miguuni mwako," Pimamaji akasema.

Akapiga. Jua likapanda, cheche zikaruka, jiwe likapasuka. Akachimba mpaka udongo ukamfika kiunoni, akainua uso. "Imefika?"

Pimamaji alishusha futi. Ilikuwa imefika, na ilikuwa imepitiliza kwa upana wa kiganja.

"Bado," akasema.

Kaka akainama, akaendelea. Baada ya muda akauliza tena, na dada akajibu tena bado. Kaka naye alikuwa anajua. Jicho la kipimo wote wawili walirithi. Mara ya tatu hakuuliza. Alichimba tu, mpaka kukabaki kichwa chake, na machozi yakichanganyika na jasho hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Fundi cherehani, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, alifunga pazia.

Nyumba ya saba ilipokwisha, kaka aliacha kazi za mteremkoni. Siku hizi anatengeneza fremu za madirisha upande mwingine wa mji, na wanasema fremu zake zinafunga vizuri. Karakana ya mzee iko kwa Pimamaji. Mwalimu aliwahi kumuuliza kama sasa moyo umepoa.

"Haujapoa, Mwalimu," alisema. "Umeshiba tu. Na aliyekuwa anatakiwa kusikia hayupo."

Mama yao hula kwa binti Jumamosi, kwa mwanawe wa kiume Jumapili. Akifika kwa mmoja, hakuna anayemuuliza kama mwenzake hajambo. Ila akiondoka, wote wawili humfungia chakula kingi kuliko anachoweza kula peke yake, na hawasemi ni cha nani.