Choo Mbele ya Zizi

MaMpinga aliolewa katika kijiji kimoja cha Rasi ya Mashariki, na tangu siku hiyo alijisaidia vichakani, sepetu mkononi. Katiba ya Afrika Kusini inasema naye ana utu, kwa hiyo alikwenda mahakamani kudai choo. Akashinda. Jaji alisoma hukumu tamu kiasi kwamba hata mawakili wa manispaa walitikisa vichwa kwa raha.

Manispaa ikatii. Ikajenga choo palipokuwa tambarare, pasipohitaji kuchimbua mawe: kwenye uwanja ulio kati ya nyumba kubwa na zizi la ng'ombe la baba mkwe. Kwa mila, mke aliyeolewa hapo hakanyagi uwanja huo, kwa heshima ya wahenga wa ukoo wa mumewe. Kijiji kizima kinajua, pamoja na Tyali, afisa wa manispaa, ambaye kwao mkewe huzungukia nyuma ya nyumba.

Siku ya uzinduzi, Tyali alikata utepe.

"Mama, njoo tupige picha!"

"Hapo sipiti, mwanangu. Hata kwenu mkeo hapiti."

"Hukumu ilisema choo, mama. Haikusema wapi. Mila zenu msituletee kwenye bajeti."

"Zetu? Wewe umekuwa Mwingereza lini?"

Watu wakacheka. Tyali akatangaza kwamba haki imetekelezwa. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kumshitaki mtu, akaingia katika choo hicho na redio yake, akafunga mlango.

MaMpinga alimtazama Tyali kama mtu anayetazama nzi kwenye maziwa, kisha akachukua sepetu.

"Unakwenda wapi, mama, na wageni wapo?"

"Chooni," akasema, akashika njia ya vichakani.